Kama Kuna Mwenye Kizuizi

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamekupa nafasi siku hizi, maana mara ya mwisho ulilalamika kwamba unasali umekaa kitini kama mgeni wa heshima. Sisi huku tu wazima wa mwili. Macho yangu ni yale yale, asubuhi yana mchanga na jioni yanatoa maji, lakini ndiyo kazi ya kuchomelea, na kazi mbaya si mchezo mwema. Wifi yako anakusalimu, ingawa hajui kama ninakuandikia. Salamu zake nimezichukua bila ruhusa.

Aliyekuletea barua hii unamwona. Ni mwanangu, kijana wako, usijifanye humjui kwa sababu amekonda. Nakuomba kitu kimoja kabla ya vyote: usimwulize neno mpaka umalize kusoma. Mpe maji, mwache akae hapo sebuleni atazame picha zako za ukutani. Wewe ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa na mimi nakujua, ukianza kuuliza maswali hata asiye na kosa hukiri. Yeye anajua nilichoandika. Nimemsomea yote isipokuwa ukurasa wa mwisho, ambao nimeukunja peke yake. Huo usiufungue mpaka ufike.

Najua unajiandaa kwa harusi. Wifi yako aliniambia umeshanunua kitambaa, tena cha zambarau. Dada, kirudishe kabatini. Harusi haipo. Nimeivunja mimi kwa mdomo wangu, mbele ya kanisa zima, na sasa kijana hana pa kukaa. Nakuomba umpokee. Haya, umeshakunja uso, naona mpaka hapa. Tulia nikueleze, halafu uamue.

Unajua kwamba kanisani kwetu msomaji wa matangazo ya ndoa ni mimi. Mchungaji alinipa kazi hiyo kwa sababu ya sauti, anasema mtu aliyezoea kushindana na grenda atasikika hata kipaza sauti kikizima. Jumapili tatu mfululizo unasoma jina la mwanamume na jina la mwanamke, kisha unauliza kama kuna mtu anayejua kizuizi, aseme. Unanyamaza kidogo. Watu wanakohoa, unafunga faili. Swali hilo nimeliuliza tangu nywele zangu zikiwa nyeusi na sijawahi kujibiwa. Siku moja tu bibi mmoja wa benchi la mbele aliinua mkono, moyo ukaniruka, kumbe alikuwa anaomba dirisha lifungwe.

Jumapili ya kwanza nilisoma jina la mwanangu na la yule binti wa duka la dawa kwa sauti ambayo nadhani ilikufikia huko uliko. Binti unamkumbuka. Ni yule mrefu, anayecheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, aliyekupima presha akakugombeza kuhusu chumvi, nawe ukamtii, jambo ambalo hata marehemu Mama hakuliweza. Hana baba wala mama. Tangu uchumba ulipokubaliwa ananiita Baba, na mimi sikuwahi kuwa na binti. Dada, nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilikuwa nimeanza kuwatengenezea kitanda, chuma cha mraba, futi sita kwa sita, na kichwani nimepinda nondo nyembamba zikawa matawi. Mafundi wenzangu walikuja kukitazama na kunitania kwamba uzee umenifanya niwe wa mapenzi.

Jumatatu yake kijana akaja karakana. Alisubiri nizime grenda, akanivua ile miwani ya kuchomelea kwa mkono wake, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. Akasema jana niliuliza swali kanisani, na yeye amekuja kulijibu.

Nilicheka. Nilidhani ni ule uoga wa bwana harusi, unaompata kila mtu mwenye akili. Nikamwambia aseme. Akasema hajawahi kumtamani mwanamke, hata siku moja. Akasema moyo wake tangu ujana uko kwa wanaume, kwamba ameomba, amefunga, amelala kifudifudi sakafuni kanisani mpaka kifua kikauma, na Mungu hajamwondolea. Yule binti anampenda kama mtu ampendavyo dada yake. Atamtendea wema wote, akasema, lakini wema anaona hautatosha, na kila akimwona anaandika majina ya watoto kwenye karatasi za dukani anatamani ardhi ipasuke.

Unalijua jina ulilonipa utotoni, na unajua kwa nini ulinipa. Nilitupa nyundo, ikapita karibu na sikio lake ikagonga bati. Nilimwita kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi ambayo itakaa juu ya meza yako, karibu na Biblia. Yeye alisimama tu. Nilipoishiwa pumzi nikamwamuru anyamaze, asimwambie kiumbe yeyote, na aoe. Ndiyo, mimi ndiye niliyemwambia aoe.

Nyumbani nikamweleza wifi yako nikitegemea ataanguka. Hakuanguka. Aliendelea kuchambua mchele, akasema, bila kuinua macho, kwamba mama haelezwi mtoto aliyemzaa mwenyewe, kisha akaniuliza nafikiri ni nani aliyeuharakisha uchumba huu. Akasema kama ni dhambi ina toba, lakini aibu haina toba, na yeye hataki aibu mlangoni kwake. Tukaenda kwa Mchungaji pamoja.

Nataka nimtendee haki Mchungaji, kwa sababu ninamheshimu hadi leo. Hakufoka wala hakutishia moto. Alitusikiliza, akatusalia, akatuambia kwamba jaribu ni jambo moja na tendo ni jingine, na kijana ambaye hajatenda hajapotea. Akasema ndoa ni dawa aliyoiweka Mungu mwenyewe, na kwamba amewaona vijana kadhaa wakinyooka baada ya mtoto wa kwanza. Nikamwuliza kama binti ataambiwa. Akajibu kwamba mgonjwa haambiwi kila kitu, na jamaa zake vile vile, la sivyo hospitali zingejaa vilio. Nilitoka pale nimeridhika, Dada. Nilishukuru kabisa, nikalala kama mtoto mchanga.

Ikaja Jumapili ya pili. Binti alikuwa amekaa mbele, amevaa gauni la maua madogo, ananitazama. Nikasoma majina. Nikauliza lile swali, nikanyamaza kama ilivyo desturi, na katika kunyamaza kule ndipo nilipoona vizuri. Aliyejua kizuizi alikuwa mimi, na bwana harusi kwenye kinanda chake, na mama yake kwenye benchi, na Mchungaji nyuma yangu. Asiyejua alikuwa mmoja tu, yule atakayevishwa pete. Akanitabasamia, kiganja mdomoni. Nikafunga faili vibaya, karatasi zikamwagika, watu wakadhani ni furaha ya mzazi.

Wiki ile sikula vizuri. Katikati ya wiki binti akapita karakana kuangalia kitanda. Alipitisha mkono kwenye yale matawi, akasema hajawahi kumiliki kitu ambacho mtu amekitengeneza kwa ajili yake. Halafu akagusa pembe ya miguuni, akaniomba niipige tupa kidogo iwe ya mviringo, mtoto asije akajigonga. Nikamwambia sawa, mama. Alipoondoka nikakaa juu ya pipa la rangi, nikalia. Mtu alipopita nikasema ni moshi.

Sikuandikii ili nikubishie Maandiko. Mistari unayoijua wewe na mimi naijua, nimeisoma wiki ile mpaka kurasa zikalainika, na bado imeandikwa vile vile. Sijui nitamwambia Mungu nini kuhusu mwanangu, labda Yeye ndiye ataniambia mimi. Lakini amri ya kutosema uongo nayo haijafutwa, na hiyo nilikuwa naivunja nimevaa suti, mbele ya msalaba, na watu wananiitikia amina. Dhambi ya mwanangu, kama ni dhambi, ilikuwa moyoni mwake tu. Ya kwangu ilikuwa na tarehe ya harusi.

Nikamwita kijana nikamwambia amweleze binti mwenyewe, kwa sababu ni haki yake. Alikubali. Alikwenda dukani akarudi na dawa za kichwa. Akaenda tena, akarudi na dawa za kichwa. Kila akifika kaunta binti anamwuliza anaumwa nini, naye anasema kichwa. Mpaka Jumamosi alikuwa na dawa za kichwa za kufungulia duka lake mwenyewe, na neno hajasema.

Basi Jumapili ya tatu nikasimama. Nikasoma jina lake, nikasoma jina la binti, nikauliza kama kuna mwenye kizuizi. Wakakohoa kama kawaida. Nilikuwa najua kwamba nikisema sababu, kuna vijana pale nje ya geti ambao wasingemwacha mwanangu afike nyumbani na meno yake. Nilijua pia kwamba nikifunga lile faili, nimemfunga yule binti humo ndani. Nikasema: mimi ninacho. Nikasema mimi, baba wa bwana harusi, ndoa hii siitaki, na sababu sitaitoa hapa wala kwingine.

Kanisa likalipuka. Kinanda kilikuwa kimenyamaza. Mchungaji alinyoosha mkono kuchukua kipaza sauti, nikakishikilia, tukavutana kidogo kama watoto wanaogombania mpira, nikakiachia. Wifi yako alitoka kwa mlango wa pembeni. Watu walidhani, na bado wanadhani, kwamba nimemkataa yatima kwa sababu hana kwao. Yule bibi wa dirisha alinisubiri mlangoni, akaniambia nina jiwe mahali pa moyo, na kwamba Mungu ndiye baba wa yatima na ataniuliza. Nikamwambia ndiyo, mama, ataniuliza. Nimezoea sasa, hata muuza mkaa hanisalimii.

Nilichokuwa sijakifikiria ni uso wa binti. Ule mkono ulishuka mdomoni, akabaki mdomo wazi. Mchana ule ule akaja karakana, bado na nguo za kanisani, akaniuliza amekosa nini. Aliuliza kama ni ukoo, kama ni kazi yake, kama kuna mtu amemsema vibaya. Dada, mimi nimeungua mikono hii mara nyingi, lakini sijawahi kuumia namna ile. Kijana alikuwa ndani ananisaidia kupanga vyuma, maana wote wawili tulikuwa tumekimbia nyumbani. Akatoka. Akamwambia yote, wamesimama kitanda kikiwa katikati yao, bila kuficha na bila kujitetea.

Binti akaondoa mkono wake kwenye yale matawi. Halafu akauliza ni nani wengine waliojua. Tukajitaja, mimi, mama, Mchungaji. Akauliza Mchungaji alisemaje. Nikamwambia, maana nilikuwa nimechoka na uongo, kwamba Mchungaji alisema ndoa ni dawa. Akasema kazi yake yeye ni kutoa dawa, hakusomea kuwa dawa. Akamwambia kijana kwamba angemwambia mapema angelia wiki nzima na kisha wangebaki marafiki, lakini alichomfanyia ni kumwacha achague majina ya watoto. Akasema siri hii hataitoa, si kwa ajili yetu bali kwa sababu anajua watu hufanya nini. Akavua pete ya uchumba, akaiweka kwenye ile pembe niliyoipiga tupa. Hapo ndipo akalia. Sikujua mikono yangu niiweke wapi. Mwisho aliniambia asante, lakini hakuniita Baba.

Yeye hakusema, ila midomo ya kwaya haina geti. Mtu alikumbuka hiki, mwingine akaongeza kile, wakajumlisha. Mchungaji amemwondoa kijana kwenye kinanda, akasema ni kwa usalama wake. Mawe mawili yamepita dirishani kwetu, moja likavunja kioo cha kabati la vyombo. Wifi yako amesema hawezi kukaa meza moja na mwanawe mpaka atubu. Halafu anamfunikia chakula, anakiweka mlangoni kwake na kugonga, kisha anakimbilia jikoni asionekane. Mimi haniongeleshi kabisa. Anasema angeweza kuvumilia mwana mwenye siri, lakini si mume mwenye mdomo.

Kile kitanda nimekikata. Vyuma vyake sasa ni nondo za madirisha yetu, matawi na yote, na kusema kweli zimependeza.

Kwa hiyo nimemtuma kwako mpaka apate kazi na watu wachoke kusema. Najua ninayemwomba. Wewe ndiye uliyemtoa mwimbaji mmoja katikati ya ibada kwa sababu ya maneno ya namna hii hii, na ukaniandikia kwamba umeisafisha nyumba ya Bwana. Barua ile ninayo. Ukimkataa kijana, nimemwambia ashukuru, anywe maji yake, aondoke kwa adabu. Hana kwingine pa kwenda, na hilo nalisema wazi ili usiseme sikukuambia.

Sasa fungua ule ukurasa uliokunjwa, na usome peke yako.

Dada, mimi ndiye niliyetengeneza kitanda cha pili cha nyumba yako.

Hamkuwa mmemaliza mwaka tangu harusi. Shemeji alikuja karakana mwenyewe, akanipa vipimo, upana wa mtu mmoja. Akasema ni mgongo. Nikakileta, ukanionyesha chumba cha mwisho, ukasema weka hapo, mgongo unamsumbua shemeji yako. Uliponiambia hivyo ulinitazama machoni, ukasubiri niulize. Sikuuliza, nikajifanya nakaza skrubu. Mgongo huo ukauma maisha yake yote, na yeye huyo huyo alikuwa akibeba magunia ya saruji akicheka.

Ndugu wa pande zote mbili walikusema. Wakakuita mti mkavu, wakaleta maombi, wakaleta na ushauri wa mke mwingine. Wewe ulikaa kimya, ukampigia pasi mashati yake. Siku tulipomzika uliniambia kwamba umeishi na mtu mwema, na kwamba wema ni kitu kigumu kulala nacho. Nilidhani ni uchungu wa msiba unaosema. Kijana aliponiambia kwamba wema hautatosha, ndipo baadaye nikayakumbuka maneno yako.

Watu huku wanabishana nilikuwa namkomoa nani Jumapili ile. Niliposhika kipaza sauti sikumwona mwanangu wala yule binti. Nilikuona wewe, kijana bado, umesimama mlangoni mwa chumba cha mwisho ukisubiri mtu mmoja tu katika ukoo mzima aulize.

Kwa hiyo nauliza sasa, nimechelewa. Pole, Dada. Una haki ya kuwachukia watu wa namna ile kuliko mtu yeyote duniani, na ukimfungia mlango kijana sitakulaumu. Lakini pia ni wewe uliyemwosha Shemeji alipokuwa hajiwezi, na ulipomlilia hukulia kwa ajili ya watu. Sina wa kunieleza yote mawili yanakaaje ndani ya moyo mmoja, isipokuwa wewe.

Nisalimie majirani, na wale akina mama wako uwaambie magoti yao yamkumbuke mchomeleaji mmoja. Macho yakiniruhusu nitakuja nikurekebishie geti, maana naambiwa linalia.

Kama kile kitanda bado kipo, mpe kijana alale. Pembe ya miguuni, upande wa ukutani, sikuipiga tupa. Mwambie asijigonge.

Mdogo wako,
Cheche